Milango ya Mninga, Fremu za Rangi: Dalili, Chanzo na Tiba

Nyumba nyingi ninazoitwa hapa Tanga zina kisa kimoja. Mwenye nyumba amejibana mpaka akanunua milango ya mninga, ikapigwa msasa ikalainika, ikapigwa klia, yaani vanishi isiyo na rangi, ikatoa ile michirizi yake ya kahawia na wekundu. Siku ya kuifunga ndipo anapoziona fremu kwa jicho jingine. Ni zile zile za zamani, zina rangi ya mafuta ya krimu au maruni, mikono minne au mitano iliyopandana, na pembe zimejaa michirizi ya rangi iliyotiririka ikakaukia hapo. Kabati ni la mbao, meza ni ya mbao, mlango ni wa mbao, na katikati yao fremu inang'aa kama beseni. Swali linalofuata nimelizoea: "Fundi, hii rangi si inatoka tu?"

Inatoka. Lakini utakachokipata chini yake hukichagui wewe. Alikichagua aliyejenga nyumba. Kazi hizi zikiharibika watu hulaumu vanishi, na mara nyingi vanishi haina kosa. Ziliharibika siku ya kwanza, pale fundi alipoanza kukwangua fremu nzima kabla ya kuchungulia kilichomo. Kwa hiyo naanza na kuchungulia, halafu nitapita kwenye dalili kwa jinsi wenye nyumba wanavyozieleza.

Kiraka cha ukubwa wa kiberiti

Chagua upande wa fremu unaofichwa mlango ukifungwa, juu, karibu na bawaba ya juu. Kwangua hapo eneo la ukubwa wa kiberiti. Usikimbilie mbao, ondoa tabaka moja moja, uone kila rangi iliyopita. Katika nyumba moja ya Ngamiani kiraka hicho kilinionyesha krimu, chini yake kijani, chini yake maruni, halafu unga mweupe wa andakoti, ile rangi ya kutangulizia, na mwisho mbao nzito ya rangi ya asali, vinyweleo vyake, yaani vijitundu virefu vya mbao, vikiwa vimejaa weupe ule. Nililowesha kidole kwa thina nikapitisha juu yake. Kwa nusu dakika, kabla thina haijapotea hewani, michirizi ya mninga ilijitokeza yote. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaagiza fremu mpya za mninga kwa seremala, na za mninga alikuwa nazo ukutani miaka yote hiyo.

Kiraka kitakupa jibu moja kati ya manne. Ukikuta mbao ngumu, yaani mninga, mkongo, mvule au msaji, toa rangi bila kusita. Ukikuta mbao laini ya paini au saipresi, inawezekana, ila soma kwanza sehemu ya mabaka hapa chini. Ukikuta kitu cha kahawia kisicho na nyuzi, kinachochambuka kama boksi lililolowa, hiyo ni MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi: acha kukwangua, kwa sababu chini hakuna mbao ya kuonyesha. Skrepa ikigonga kwa mlio mkali na sumaku ikanasa, fremu ni ya chuma, na yenyewe ina njia yake mwishoni.

Jaribu pia aina ya rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, sugua kwa dakika moja. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye kitambaa, juu kuna rangi ya maji. Kitambaa kikibaki safi, ni rangi ya mafuta.

Jambo la tatu ni la afya, na naomba usiliruke. Rangi za mafuta za zamani, hasa za manjano, nyekundu na kijani kilichokolea, zilikuwa na madini ya risasi kwa wingi. Viwango vya Tanzania na Kenya siku hizi haviruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, lakini kiwango cha leo hakiiondoi rangi iliyopakwa zamani. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na dawa ya kurudisha kilichoharibika hakuna. Nyumba ikiwa ya zamani, usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua, tandika turubai, kusanya maganda yote kwenye mfuko na ufunge, kisha deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Watoto na mama mjamzito wahamie chumba kingine, au bora nyumba nyingine, mpaka kazi iishe.

"Msasa unajaa rangi na fremu haibadiliki"

Karatasi ya namba 80 inapita mara tatu, inakuwa laini kama ngozi, rangi iko pale pale. Chanzo ni joto. Msuguano unailainisha rangi ya mafuta, inageuka ulimbo na kuziba chembe za msasa. Ukiongeza nguvu unaongeza joto, na ukileta mashine mambo yanazidi. Msasa si kifaa cha kutoa rangi nene. Kazi yake ni kusafisha baada ya rangi kutoka.

Tumia dawa ya kutoa rangi, ile nzito kama uji inayoweza kushika kwenye mbao iliyosimama. Ipake nene kwa brashi ya zamani, upande mmoja tu, usirudierudie kama unapaka rangi, maana kila ukiirudia unafungua utando unaozuia mvuke wake kutoka. Funika kwa nailoni, bandika kwa vidole ishike. Ukifunua na kukuta rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, iko tayari. Kwangua kufuata nyuzi, kwa skrepa uliyozungusha pembe zake kwa tupa ili zisichimbe. Ikiwa bado ngumu, rudisha nailoni usubiri. Mikono minne ya rangi itataka dawa mara mbili, pengine tatu.

Baadhi ya dawa hizi zina kemikali iitwayo methilini kloridi. Mvuke wake umeua watu waliofanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Soma kopo. Madirisha yote wazi, glavu nzito za mpira, na ukisikia kizunguzungu toka nje hapo hapo.

Moto wa gesi wa kuchomea rangi siutumii na simshauri mtu. Unaunguza pembe za fremu zikabaki na weusi usiotoka, na kama rangi ina risasi unaigeuza moshi ambao wewe ndiye utakayeuvuta.

"Rangi imetoka vizuri, lakini mbao imekuwa nyeusi"

Hili lilinipata mwenyewe nikiwa bado kijana kazini. Fremu tano za mkongo, mwenye nyumba ana haraka, dawa ya dukani ilikuwa ghali, nikachanganya kostiki soda na maji ya moto. Rangi ilitoka kwa dakika chache, ikateleza yote chini kama sabuni. Asubuhi mbao zilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa mara mbili, sehemu nyingine nyeusi kabisa. Zile fremu hazikulingana tena na mlango wowote katika nyumba ile, na nilizitengeneza upya kwa gharama yangu.

Mbao zetu ngumu zina tanini nyingi, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Tanini ikikutana na soda hukolea na kuwa nyeusi. Ikikutana na chuma na maji hutoa weusi wenye ubuluu, na ndiyo maana stilwaya ile ya kusugulia sufuria haifai kwenye mbao mbichi: vipande vyake vidogo hubaki kwenye vinyweleo, na tone la kwanza la maji linavigeuza madoa.

Kama soda imeshapita, suuza kwa maji mengi, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ili kuua nguvu yake, suuza tena, na iache ikauke siku kadhaa. Usipige vanishi kabla ya hapo. Mabaki ya soda yataibambua. Madoa ya chuma yanatoka kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Ipake fremu nzima, maana ukipaka kwenye doa peke yake utabaki na kiraka cheupe, halafu suuza sana. Ni sumu ikinywewa, na unga wake ukikauka juu ya mbao unakera koo, kwa hiyo usiuguse kwa msasa kabla ya kuusuuza.

"Fundi, mbona humu kumebaki weupe?"

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa kuliko zote, na karibu kila mara inaonekana baada ya vanishi, wakati imeshachelewa. Mbao ikiwa kavu na imetoka kupigwa msasa, vumbi limetanda kila mahali na weupe wa vinyweleoni hauonekani. Mkono wa kwanza wa vanishi unapita, mbao inakolea, na vijistari vyeupe vinatokea maelfu kwa maelfu, kama mtu amemwaga unga wa sembe.

Mninga una vinyweleo vikubwa, unaweza kuvihesabu kwa macho. Andakoti ya zamani iliingia humo ikakauka. Skrepa inapita juu yake na msasa unapita juu yake, na kila ukipiga msasa unashindilia unga zaidi ndani.

Tiba yake ni mapema. Ukishatoa rangi ya juu, paka dawa mara nyingine, nyembamba safari hii, na kabla haijakauka sugua kwa brashi ya nailoni ngumu au ya waya wa shaba, kufuata nyuzi tu. Brashi ya kuogea yenye nywele ngumu inatosha ukiikata nywele ziwe fupi. Futa kwa kitambaa chenye thina, geuza kitambaa, futa tena, mpaka kisibebe tena weupe. Iache ikauke. Halafu fanya jaribio la thina ambalo sasa nalifanya kwenye kila fremu bila kuchoka: lowesha kitambaa safi, pitisha kuanzia juu mpaka chini, na tazama haraka. Jinsi mbao inavyoonekana ikiwa imelowa thina ndivyo itakavyoonekana chini ya klia. Weupe ukionekana hapo, bado unatibika. Ukionekana chini ya vanishi, unarudi kwenye dawa ya kutoa rangi, mwanzo kabisa.

Kuna fremu ambazo weupe hauishi hata ufanye nini. Hizo zikubali: zipige steini iliyokolea kidogo kuliko mlango. Steini ni ile rangi nyepesi inayozama kwenye mbao bila kuficha nyuzi zake. Weupe unageuka kahawia hafifu na jicho halikamati tena. Mwenye nyumba aambiwe kabla kwamba fremu itakuwa na rangi nzito kuliko mlango, achague. Fremu iliyokolea kidogo kuzunguka mlango mwepesi hupendeza. Fremu nyepesi kuzunguka mlango mzito huonekana kama kazi ambayo haijakwisha.

"Steini imeshika mabaka mabaka"

Paini nyingi inayouzwa mijini Tanzania inatoka nyanda za juu kusini, Sao Hill huko Mufindi na mashamba ya jirani. Ni mbao nzuri ya kazi, ila ndani yake kuna pete laini na pete ngumu zinazopishana. Laini inakunywa steini kama sponji, ngumu inakataa. Ukiongeza mabaki ya rangi ya zamani yaliyoziba sehemu fulani na kuacha nyingine wazi, unapata fremu yenye ramani.

Usianze na steini. Anza na sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, iliyoongezwa thina mpaka iwe nyepesi kama maji, mkono mmoja. Ikikauka ipitishie msasa wa namba 240 kwa mkono mwepesi, kisha ndipo steini, nyembamba, mara mbili au tatu, ukifuta kila mara. Itachelewa kukolea, lakini itakolea sawasawa.

Tazama pia mashimo ya misumari. Puti ya kawaida hainywi steini, inabaki vidoa vyeupe au vya pinki. Chukua vumbi la msasa la fremu ile ile, lichanganye na sila mpaka liwe kama ugali mlaini, ziba nalo. Na macho ya mbao, yale mafundo ya duara, yakitoa ulimbo yafute kwa thina na kuyapiga sila mara mbili kabla ya kitu kingine, la sivyo yatatokeza juu ya vanishi baada ya miezi.

Niseme wazi maoni yangu: fremu ya paini iliyojaa puti, viraka na misumari haitakuja kuonekana kama mninga kwa steini yoyote. Nimeona watu wakiipiga steini nyekundu ya kukolea mpaka nyuzi zote zikapotea, wakabaki na rangi ya mafuta tu, ya kahawia. Kwa fremu ya namna hiyo, na kwa MDF, pesa hiyo ni bora ikatumika kuivalisha. Seremala anapasua mbao ya mninga nyembamba, milimita 6 hadi 10, anaibandika juu ya fremu kwa gundi na misumari midogo, na akitrevu, ile mbao bapa inayoficha ufa kati ya fremu na ukuta, anaiweka mpya ya mninga. Pima kwanza nafasi ya mlango. Milimita 6 kila upande ni milimita 12 za upana zinazopotea, na mlango itabidi urandwe au bawaba zizamishwe upya.

"Rangi ni ile ile, mbona hazilingani?"

Umenunua steini iliyoandikwa mninga, mlango ni mninga, fremu inatoa wekundu wa tofali. Rangi ya kopo inachanganywa ikifikiria mbao nyeupe. Juu ya mbao yenye unjano inageuka machungwa, juu ya mbao yenye wekundu inazidi kuwa nyekundu. Na mninga wenyewe hauna rangi moja: kuna wa dhahabu, kuna wa kahawia, kuna unaoelekea zambarau.

Jaribio la steini lifanyike kwenye fremu yenyewe, mahali palipofichika, na lipigwe klia juu yake kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu klia inabadilisha rangi kuliko watu wanavyotarajia. Vanishi ya mafuta inaongeza unjano wa asali na unjano huo unazidi kadiri miaka inavyokwenda. Vanishi ya maji haiongezi unjano, inabaki karibu kama ilivyokauka. Mlango wa vanishi ya mafuta ndani ya fremu ya vanishi ya maji utalingana leo, na baada ya miaka miwili hautalingana. Muulize aliyepiga mlango alitumia nini, utumie hicho hicho.

Mng'ao nao unadanganya jicho. Niliwahi kuchanganya steini mara nne kwa ajili ya fremu moja, kila mara naiona nyeusi mno, mpaka nikapiga magoti nikaitazama kwa pembeni dhidi ya dirisha. Rangi zilikuwa sawa tangu jaribio la pili. Mlango ulikuwa na klia isiyong'aa, fremu nilikuwa nimeipa ya kung'aa. Nikapitisha msasa wa namba 400 na mkono mmoja wa klia isiyong'aa, zikawa kitu kimoja.

Angalia kwa mwanga wa mchana na usiku taa zikiwa zimewashwa. Taa nyeupe kali inaua wekundu wa mbao, taa ya manjano inauchochea. Kama sebule inatumika zaidi usiku, hukumu ya usiku ndiyo ifuatwe. Na kumbuka kuwa mbao iliyotoka kukwanguliwa ni kama ngozi iliyokuwa chini ya bandeji. Msaji ukitoka kupasuliwa una ukijani na mabaka, halafu mwanga unaugeuza dhahabu. Mvule unaanza na unjano unaishia kahawia. Fremu ikitoka rangi, iache wazi wiki moja au mbili mahali panapopata mwanga kabla ya kuamua kama inahitaji steini. Mara nyingi haihitaji.

"Mikwaruzo imejitokeza kwenye kona"

Kona ya juu nyuzi za mwimo zinasimama na za kizingiti zinalala. Msasa ukivuka kiungo unakata nyuzi za upande wa pili, na steini inaingia kwenye mikwaruzo hiyo ikakaa. Piga kizingiti kwanza, kisha miimo, ukiishia kwenye mstari wa kiungo, na ubandike tepu ya karatasi kwenye upande uliokwisha. Panda namba kwa utaratibu, 80, 120, 180, na usiruke kutoka 80 kwenda 240 ukidhani laini itafuta kali. Haifuti.

"Siku ya nne na bado inanata"

Uliza kwanza vanishi ilipunguzwa kwa nini. Mafuta ya taa ni rahisi kuyapata, na mafundi wengi wanayatumia badala ya tapentaini. Yana sehemu nzito isiyoruka hewani kwa urahisi, inabaki ndani ya vanishi na kuifanya laini kwa siku nyingi. Vyanzo vingine: mkono mnene uliopigwa ili kazi iishe mapema, mabaki ya dawa ya kutoa rangi ambayo hayakufutwa, na unyevu wa masika, Machi mpaka Mei, ambapo hapa pwani hata chumvi mezani inalowa.

Mvule na msaji zina sababu yao ya pekee. Zina mafuta na kemikali za asili zinazozuia vanishi ya mafuta kukauka. Fremu inanata mahali pa kiini na kukauka mahali pa mbao nyeupe ya pembeni, na hapo ndipo unapojua. Futa kwa thina kali muda mfupi kabla ya kupiga, halafu tanguliza mkono wa sila kama ukuta kati ya mbao na vanishi.

Iliyonata tayari, ipe siku chache zaidi na hewa inayopita. Isipokauka, itoe kwa thina na kitambaa. Kupiga mkono mwingine juu ya unaonata ni kufungia tatizo ndani.

"Klia imegeuka maziwa"

Hii ni ya klia ya NC, ile inayokauka haraka. Thina inaruka upesi, inaupooza uso wa fremu, na unyevu wa hewa unaganda juu yake kama umande. Usipige asubuhi mapema wala baada ya mvua. Ikitokea, subiri saa za mchana mkavu, pulizia thina inayokauka polepole kwa umbali, nyembamba sana, weupe utayeyuka. Na usipige NC juu ya vanishi ya mafuta: thina yake inainyanyua ya chini na kuikunja.

"Chini inabambuka, juu nzima"

Tazama urefu wa sehemu iliyobambuka. Ikiwa ni kiganja kimoja kutoka sakafuni, chanzo ni maji ya kudekia. Mguu wa fremu umesimama kwenye zege au vigae, ncha yake ya chini haikuwahi kupigwa kitu chochote, na mbao inanyonya maji kwa ncha kuliko kwa ubavu. Acha ikauke kabisa, kwangua, na kwa brashi nyembamba sukuma sila kwenye ule ufa kati ya mbao na sakafu, mara tatu au nne, mpaka ikatae kunywa.

Lakini kabla ya hayo gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu. Mlio ukiwa mfupi na mzito kama wa kugonga boksi, bonyeza kwa kidole gumba. Niliwahi kubonyeza hivyo mwimo wa mlango wa jikoni, kidole kikazama mpaka kwenye kifundo. Ndani kulikuwa na njia za udongo wa mchwa zilizopanda mpaka kwenye kitasa, na kilichokuwa kimesimama ni ganda la rangi ya mafuta lenye umbo la fremu. Hapo hakuna kukwangua wala steini. Tibu udongo na ukuta kwanza, mguu ulioliwa ukatwe mpaka kwenye mbao ngumu na kuungwa kipande cha mbao ya aina ile ile, au fremu itolewe nzima.

Fremu ya chuma

Hapa huonyeshi mbao, unaichora. Ikifanywa kwa subira mtu anapita bila kushtuka. Ikifanywa kwa pupa ni bora ungeacha krimu.

Toa kutu, piga msasa wa namba 180 mpaka mng'ao wote uondoke, paka praima ya chuma pale palipobaki uchi. Kisha rangi ya mafuta isiyong'aa, ya kahawia nyepesi. Isake kwenye mlango wenyewe: tafuta mstari mwepesi kuliko yote kwenye mninga ule, hiyo ndiyo rangi ya chini. Ikikauka siku nzima, changanya vanishi na kahawia iliyokolea kidogo pamoja na tapentaini, ipake nyembamba, na ikiwa bado mbichi buruta brashi kavu juu yake kwa mkupuo mmoja kutoka juu mpaka chini bila kuinua mkono. Miimo mistari isimame, kizingiti ilale, na kiungo cha kona kifungwe kwa tepu ili mistari ikatike pale ambapo mbao mbili zingekutana. Usichore macho ya mbao. Seremala mzuri asingeweka mbao yenye macho mbele ya mlango wa sebuleni, na jicho linalijua hilo hata kama mwenye nalo hajui. Ikikauka kabisa, mikono miwili ya vanishi yenye mng'ao sawa na wa mlango.

Ikibambuka kwa vipande vikubwa kama maganda ya ndizi, ujue rangi ya zamani haikupigwa msasa chini yake.

Mlango usirudishwe kwenye bawaba siku hiyo hiyo. Vanishi ya mafuta inayoguswa bila kunata bado ni laini ndani, na mlango ukifungwa usiku unashikana na fremu. Asubuhi unaondoka na vipande vyake. Mimi huacha siku tatu, masika siku tano, na usiku wa kwanza baada ya kuurudisha natia kipande cha karatasi ya kuokea mikate kati ya mlango na mwimo, upande wa kitasa.